Uza kazi, usiuze waridi

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma. Umeniuliza mawili: kama uache uhasibu uingie kwenye maua ya harusi, na kama ukubali kazi ya yule mwenzako wa ofisini anayeolewa Agosti huko Karen, aliyekuahidi shilingi 40,000 kwa maua yote. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, basi nakuandikia.

Nianze na la pili, maana humo ndimo lilimo jibu la kwanza. Umesema meza 12, tao la kupigia picha, shada la bibi harusi na ya wapambe 4. Chukua kalamu. Kila meza mashina 15, hiyo ni 180. Tao lisiloonyesha mbavu hula 200. Bibi harusi mpe 25, wapambe 12 kila mmoja. Jumla 453. Ongeza sehemu ya kumi, kwa yatakayovunjika shingo njiani na yatakayokataa kuchanua, ufike kama 500. Sasa pita City Market uulize bei ya waridi za sentimita 50, si zile fupi zitakazozama chomboni. Ondoa na majani, vyombo, waya na gari, kisha uniambie kimebaki nini. Hicho kilichobaki ndicho mshahara wako wa siku tatu na usiku wake.

Watu wengi hawauoni huo usiku. Wanaona picha. Mimi meza yangu ya sokoni imenionyesha wapambaji wa kila aina, na wanaodumu ni wale wanaojua maji. Ua likishafika nyumbani unachuna miiba na majani yote ya chini, kwa sababu jani likizama linaoza, na bakteria wake huziba mishipa ya shina. Unakata kikonyo mshazari kwa kisu kikali, unakiingiza majini papo hapo, unaacha kinywe usiku kucha mahali penye ubaridi. Ndoo iwe safi kiasi cha wewe mwenyewe kunywea. Na zile ndizi zako zitoe chumbani! Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na kanesheni zikiipata hujikunja zikagoma kufunguka, hata uzibembeleze vipi.

Kuna na kalenda. Waridi nzuri za Naivasha hazilimwi kwa ajili yetu. Nyingi hupanda ndege hapo JKIA kwenda Uholanzi na kwingineko Ulaya, na sisi tunagawana zilizobaki. Februari inapofika katikati, Wazungu wakinunuliana maua ya wapendanao, hapa bei inaruka. Tarehe 14 Februari ikiangukia Jumamosi, kama mwaka 2026, anayefunga ndoa siku hiyo analipia mapenzi ya bara mbili. Mteja wa namna hiyo mwambie mapema, kwa maandishi. Wakati wa Kwaresima na masika, harusi za kanisani hupungua na simu yako itanyamaza. Miezi hiyo wapambaji hula kwa mashada ya mazishi na maua ya kila wiki ya mapokezi ya hoteli. Kama moyo wako unakataa mazishi, jiulize vizuri, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi isiyokatika.

Lakini pia sitaki kukuvunja moyo, kwa sababu kuna jambo limebadilika na linakufaa wewe. Zamani harusi zote za Nairobi zilikuwa na maua yale yale, meupe na ya rangi ya waridi kwa zamu. Siku hizi bibi na bwana wanataka maua yanayowahusu wao. Kwenye ngurario, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, watakuomba maua yajazwe ndani ya vyondo, vikapu vya kusuka, badala ya vyombo vya kioo. Kuna binti wa South B alinijia akitaka vikuba, vile vishada vya asmini vya pwani, kwa kuwa nyanya yake ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Asmini huchumwa jioni ikiwa bado tumba, inatungwa uzi kabla ya giza, halafu inachanua usiku na kunukia. Ukichuma asubuhi umechuma harufu iliyokwisha. Tumba zililetwa kwa basi la usiku, zimefunikwa kitambaa chenye maji, pamoja na rihani na mkadi. Meza zake hazikuwa na waridi hata moja, wala hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Waridi kila mtu anazipata hapa sokoni. Alichonilipia ni kujua saa ya kuchuma.

Kwa hiyo usiache kazi bado. Jumamosi zako ziuze kwa mpambaji mzoefu, umbebee ndoo mpaka ujue anavyopanga bei. Ukija kupenda mashamba zaidi ya harusi, kilimo cha maua na mboga kinasomeshwa kwenye vyuo vikuu vya JKUAT pale Juja na Egerton kule Njoro. Hiyo ni njia nyingine kabisa. Ila wewe nakujua, shamba litakuchosha kwa wiki moja. Ukiona baada ya harusi za Agosti na Desemba umebakiwa na pesa, hapo tuzungumze barua ya kuacha kazi.

Mwenzako mpe chaguo mbili: kwa 40,000 aondoe tao, au tao libaki na meza zipambwe majani na mishumaa. Asikupe jibu la "tutaona". Achukue moja, alipe arbuni ya nusu, ndipo uandike jina lake kwenye daftari. Sponji ya kijani ya kuchomekea maua usiitumie, ni plastiki, haiozi. Waya wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo unashika mashina vilevile. Kawaida tunanunua Alhamisi, lakini Agosti Nairobi ina baridi na tumba hufunguka polepole, basi njoo sokoni Jumatano alfajiri. Na uje na kipande cha kitambaa cha gauni lake, si picha ya simu. Kama gauni ni rangi ya maziwa, waridi nyeupe kabisa zitalifanya lionekane limefuliwa vibaya.

Mama yako