Dumu, chupa na bomba la sindano: kubadilisha oili na mafuta ya breki

Wewe unayeanza ufundi wa pikipiki, usisubiri upate pesa za vifaa vya dukani. Dumu la lita 5, chupa mbili za maji, chupa ndogo moja yenye kifuniko, mabomba mawili ya sindano ya mililita 60 na kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga vinatosha kuanzia. Sharti ni moja: kilichogusa oili kisiguse breki kamwe.

Dumu lilaze ubavu, ukate ubavu wa juu tu, mdomo na kifuniko viache. Oili chafu ikishaingia unafungua kifuniko na kuimimina kwenye chombo cha kuhifadhia bila kuchafua sakafu. Chupa ukiikata katikati na kuigeuza, umepata faneli. Hapa wengi hukosea: ukingo uliokatwa huacha nyuzi za plastiki, nazo huteremka na oili mpaka ndani ya injini. Uparuze, uoshe, ukaushe kabisa. Chupa ya pili ifanye kipimo. Mimina maji kwa bomba la sindano mara 10, hizo ni mililita 600, weka alama, endelea hadi kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Maji yote yakauke kabla oili haijaingia.

Kwenye breki, twende taratibu. Toboa kifuniko cha chupa ndogo matundu mawili: moja la mpira, jingine la kupumulia. Tia ndani mafuta mapya ya breki kidogo, ncha ya mpira izame humo. Ingiza spana ya ringi kwenye nati ya kutolea upepo, iliyo kwenye kaliperi (kifaa kinachobana diski ya tairi), kwanza, ndipo uchomeke ncha ya pili ya mpira. Ukigeuza mpangilio huo, spana haitaingia. Bana mkono wa breki, ushikilie, legeza nati robo mzunguko, kaza, ndipo uachie. Tazama mpira: mafuta yanatoka na rangi ya chai, vipovu vinapita kimoja kimoja, halafu yanaanza kung'aa. Kila baada ya mibano michache chungulia kopo la mafuta ya breki lililo juu kwenye usukani, maana likikauka unavuta upepo na kazi inaanza upya. Tambara lenye maji liwe karibu, kwa sababu mafuta haya hula rangi.

Siku moja nilinyonya mafuta ya zamani na kujaza mapya kwa bomba la sindano nililokuwa nikitumia kwa oili. Nilikuwa nimelifuta, nikaliona safi. Baada ya siku chache breki ya mbele ikaanza kung'ang'ania tairi yenyewe. Nilipofungua, raba za pampu ya breki, iliyo kwenye mkono wa breki, zilikuwa zimevimba, kwani oili ya injini huziharibu. Nilibadilisha zote, za pampu na za kaliperi, na aliyekuwa akiiendesha angeweza kuumia. Tangu hapo bomba la breki lina utepe mwekundu na linakaa kwenye mfuko wake.

Aina ya mafuta isome kwenye kifuniko cha kopo. Pakiandikwa DOT 4, tia DOT 4 kutoka chupa mpya, kwa kuwa iliyokaa wazi hunyonya unyevu wa hewa na huchemka mapema breki ikipata moto. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nayo.

Ukimaliza, bana mkono wa breki kwa nguvu na uhesabu hadi 30. Ukizama polepole, kuna panapovuja; ukiwa laini kama sponji, upepo bado upo. Rudi kwenye nati.