Re: Makumbusho ya ndege Washington, twende ipi?
Mkuu umeuliza nyie washkaji wa Mwanza mkifika Washington muende makumbusho ya ndege ya mjini au ile ya Virginia. Aisee nendeni ile ya Virginia, inaitwa Udvar-Hazy, iko Chantilly karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, ndo kuna Discovery yenyewe, chombo cha anga za juu cha NASA (shirika la anga la Marekani) kilichoenda anga za juu mara 39, bado kina alama za kuungua, kuna Concorde (ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti) na ile SR-71 nyeusi (ndege ya kijasusi ya Marekani), sisi tuliokulia Ilemela tunachungulia ndege zikishuka kando ya ziwa tuliganda pale mpaka mshkaji mmoja akaanza kulalamika njaa (msosi wa mle bei mbaya). Kuingia bure ila paking dola 15, so jazaneni gari moja. Ya mjini nayo bure, mle kuna ndege ya 1903 ya akina Wright, wale ndugu wawili Wamarekani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, kateni pasi za kuingia mtandaoni mapema.