Usiuvute mpira wa mlango

Kwa muda mrefu nilidhani shida ya gari langu ni kelele tu. Ni gari la michezo la mwaka 1976, viti viwili, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Likipita kilomita 80 kwa saa, upepo ulipiga mluzi kwenye kona ya dirisha mpaka sisikii redio. Kila mvua iliponyesha, kapeti ya upande wa abiria ilinuka uvundo siku tatu. Yote hayo niliyavumilia kwa sababu nalipenda gari lenyewe. Kilichonishtua ni kichwa. Nikiendesha zaidi ya saa moja nashuka kinaniuma, na shati linanuka moshi. Ikabidi nibadilishe mipira iliyozeeka, yaani ile mikanda laini inayozunguka kingo za milango na vioo kuzuia hewa na maji.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza nyuma. Watu wengi hukimbilia mipira ya milango kwa kuwa ndiyo wanayoiona kila siku, nami nilikuwa nimeshaagiza ya milango kabla ya kufikiri. Lakini gari likienda kasi, hewa nyuma yake huwa na mgandamizo mdogo, na moshi wa ekzosi huzunguka papo hapo badala ya kuachwa nyuma. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekufa, moshi huo unavutwa ndani, tena zaidi ukiwa umeshusha kioo cha dirisha. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Ukiona dalili kama zangu, liegeshe gari kwanza. Kagua bomba la ekzosi kama limetoboka, mipira ya taa za nyuma, na vitundu vinavyopitisha nyaya. Mimi nimeweka pia kengele ndogo ya betri inayolia ikigundua gesi hiyo, na haitoki garini.

Utajuaje mpira umekufa? Ubonyeze kwa kidole. Mzima hurudi mara moja; uliokufa hubaki umelala kama godoro la zamani, au ni mgumu na ukiupinda unaonyesha nyufa ndogondogo. Kisha chukua ukanda wa karatasi, ufungie mlango juu yake, uvute. Ukitoka bila kukwama, hapo hapazibi. Zunguka mlango wote hivyo, kila baada ya upana wa kiganja, ukiweka alama kwa chaki. Maji yaje mwisho: mtu akae ndani na tochi, nje umwagie kwa mpira wa bustani taratibu ukianzia chini kwenda juu. Ukianzia juu maji yatachuruzika kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Kwenye kununua, usidanganyike na weusi wa mpira. Mipira mingi ya milango ya magari leo hutengenezwa kwa aina iitwayo EPDM, inayostahimili jua na ozoni kuliko mpira wa asili. Kata kipande cha ule wa zamani, kama sentimita 5, uutazame kwa ubavu. Mipira ya kuchomeka ina uti wa chuma ndani unaobana ukingo wa bati, na juu yake mrija laini unaominywa mlango ukifungwa. Pima unene wa ukingo huo na urefu wa mrija. Uti uliotengenezewa bati nene hautashika bati jembamba, na mrija mnene kupita kiasi utaufanya mlango usifunge kabisa. Usitupe mipira ya zamani mpaka mipya iwe imekaa na kupita mvua.

Kazi kubwa kuliko zote haihusu mpira hata kidogo. Nilipobandua ule wa nyuma, kwa kijiti cha plastiki na si bisibisi, nilikuta kutu imetafuna ukingo wa bati karibu urefu wa mkono. Mpira uliopasuka hunasa maji na kuyashikilia hapo miaka, bila mtu kuona. Ukichomeka mpya juu ya kutu, unaifunika tu iendelee kula. Nilikwangua gundi kuukuu, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka dawa ya kutu, praima (rangi ya msingi), kisha rangi yenyewe, nikaacha ikauke vizuri kwa siku kadhaa. Kaka yangu aliniuliza kwa nini napaka rangi mahali ambapo hakuna atakayepaona. Ndiyo sababu hasa: sitapaona tena kwa miaka mingi.

Sasa kosa langu, ambalo natamani usilirudie. Mlango wa kushoto niliuvisha mpira huku nikiuvuta, ili ulale umenyooka na kupendeza, kisha nikaukata sawasawa pale ncha zinapokutana. Siku ile ulionekana umetoka kiwandani. Baada ya mwezi mmoja, ncha zilikuwa zimeachana upana wa kidole, na konani mpira ulikuwa umejitenga na bati. Mpira uliovutwa hukumbuka urefu wake, na utaurudia. Nikanunua mwingine.

Safari ya pili niliuanika juani kwanza ulainike. Nikaanzia katikati ya kizingiti, chini, ili maungio yasikae juu yanapopita maji. Kila kona niliusukumia mpira ndani, kama mtu anayekunja shuka, badala ya kuunyoosha. Nikauacha usiku kucha mlango umefungwa bila kukata. Asubuhi nikakata nikiwa nimebakiza kama sentimita moja na nusu ya ziada, nikazibana ncha zikutane kwa nguvu. Mpaka leo hazijaachana. Wa nyuma niliupata umeshaunganishwa duara zima, na kama upo wa namna hiyo kwa gari lako, uchukue huo.

Gundi itumie tu kwa mpira usio na uti. Paka nyembamba pande zote mbili, ngoja mpaka isishike kidoleni, ndipo ubandike, kwa maana ikishagusana huwezi kusogeza tena. Mpira wa kioo cha mbele mimi nilimwachia fundi. Kuna njia ya kuzungusha kamba ndani ya mfereji wa mpira kisha kuivuta ukiwa ndani ya gari huku mwenzako akikandamiza kioo kwa nje, lakini kioo hicho kikibanwa vibaya konani hupasuka.

Usishangae mlango ukianza kuwa mgumu. Upe wiki mbili, na usiubamize. Ukiendelea kukataa, legeza kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kufuli hukinasa, ukisogeze nje kidogo mno, ujaribu tena. Paka mpira grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida na mafuta ya petroli huivimbisha EPDM.

Kuhusu kapeti, chanzo hakikuwa mpira peke yake. Maji hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango hata gari likiwa jipya. Limeundwa hivyo, yatokee kwenye matundu ya chini. Yangu yalikuwa yamezibwa na matope. Niliyazibua kwa waya, yakatoka maji kikombe kizima.

Wiki iliyopita niliendesha saa tatu mfululizo, nikashuka kichwa kikiwa chepesi. Karatasi inakwama kila mahali isipokuwa kona moja ya juu, mlango wa kulia, ule nilioufunga kabla sijajua ninachokijua sasa. Jumamosi naufungua.