Jibu: Meseji za kundi la ukoo za 2020, nianze wapi kuzichambua?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: una meseji za WhatsApp za kundi la ukoo za mwaka 2020, na umekwama kujua kama korona ndiyo iliyobadilisha walichokuwa wakituma, au ni kukaa nyumbani tu.

Nilikuwa admini wa kundi kama hilo, watu sitini na ushee. Kabla ya kusoma maneno, angalia mishale miwili juu ya meseji. Hiyo ni alama kwamba imeshapita mikono mingi. Itazame kwenye simu yenyewe, ukihamisha mazungumzo kuwa faili inapotea. Tenga hizo na zile walizoandika wenyewe.

Kwetu mishale ilikuwa sauti za "daktari" asiye na jina, tangawizi, limau, nyungu. Shangazi alituma sauti moja mara tatu kwa siku. Nilipompigia akajibu, "Hata mimi siamini sana, lakini je, ikiwa kweli?" Kwa hiyo usihesabu kila aliyetuma kuwa ameamini. Mie nilikosea hapo.

Halafu tarehe. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza 16 Machi. Mwanzoni mwa Aprili WhatsApp ikazuia meseji za mishale miwili kutumwa kwenye gumzo zaidi ya moja kwa mpigo. Usichanganye kabla na baada. Watu wetu walihamia kupiga picha za skrini, na hizo hazina mshale wowote.

Matangazo ya misiba yaweke kando.