Kuingia Kwa Mkapa sio ishu, ishu ni kutoka

Nimekaa Chang'ombe, Dar, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, mwaka wa kumi na mbili huu, na kibarazani kwetu ukikaa siku ya mechi unasikia goli kabla halijafungwa kwenye tv, maana king'amuzi kinachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo wageni wakiwa sebuleni mi nakuwa nabii kabisa. Sasa dabi ya Simba na Yanga ikikaribia simu haziishi, za washkaji wa Tegeta, Mbezi mpaka Morogoro huko, wote swali moja tu, "oya tunaingiaje?" Hakuna hata mmoja anayeuliza tunatokaje.

Wazee, uwanja unabeba watu 60,000. Kuingia mnaingia kwa mafungu, wa saa sita, wa saa nane, wale wa dakika ya mwisho, ila kutoka mnatoka wote kwa mkupuo na barabara ni zilezile, Mandela, Taifa Road, Chang'ombe na kule Kilwa Road. Nilijifunza hilo siku nilipompeleka mpwa wangu wa miaka tisa, mara yake ya kwanza, tukaenda na gari la rafiki yangu ambaye alipaki ndani ndani kwenye uchochoro akijiona mjanja, mechi imeisha tumekaa kwenye gari masaa mawili na nusu bila kusogea, mbele kuna mtu kaziba njia kaenda zake, mtoto kalala mdomo wazi, dada anapiga simu kila dakika tano nami namjibu "tuko njiani" na injini hata haijawashwa. Mpaka leo dada akiniona na jezi anamwita mtoto ndani.

Kwa hiyo gari liache mbali au liache nyumbani. Filimbi ikilia tembea, usisubiri usafiri pale nje. Wa Mbagala fuata Mandela mpaka Uhasibu ushike Kilwa Road, wa Kariakoo na Posta pita Chang'ombe mpaka Veta utokee Nyerere Road, wa Gongo la Mboto na Buguruni nyosha mpaka Tazara, ni mwendo kidogo ila mnatembea kundi zima mnabishana ile penati, unashtukia umefika. Boda za pale getini achana nazo, bei wanayotaja hapo ni ya kukukomoa, ukisogea mbele tu yule yule anakubali nusu. Na vaa raba tafadhali, kuna mtu nilimwona anatoka na ndala ya mguu mmoja, nyingine kaiacha kwenye msukumano.

Tena huo msukumano ndo kitu sifanyii mzaha. Mnakumbuka tarehe 28 Mei 2023, Yanga na USM Alger, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mkondo wa kwanza, hapahapa Kwa Mkapa? Mtu mmoja alifariki na 30 wakaumia, watu waliokuja kuangalia mpira tu. Kama mechi ni saa 11 jioni mi saa 8 niko kwenye kiti, na tiketi ya N-Card, ile kadi ya kielektroniki unayoiwekea salio, nimeshamalizana nayo jana yake, sio unafika getini ndo unaanza kuhangaika na salio huku nyuma yako wanasukuma. Ukiona kifua kinabanwa huwezi hata kuinua mkono usilazimishe mbele, weka mikono kifuani kama bondia, subiri wimbi lipungue halafu jivute kwa pembeni kidogo kidogo. Goli la kwanza utalikuta kwenye simu.

Ukiwa na mtoto mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa peni, usimwambie "tukipotezana tukutane getini" maana mageti yapo kibao na yote yanafanana, mwonyeshe kitu cha nje, mimi huwa nasema geti la chuo cha DUCE, liko palepale na kila mtu analijua. Simu mfuko wa mbele. Vibaka wa siku ya mechi nao wanavaa jezi, tena jezi ya timu yako, mnakumbatiana goli likiingia halafu unajikuta mwepesi.

Halafu ombi letu sisi majirani, mtaa huu watu wanaishi. Vuvuzela kuanzia saa nne asubuhi tumeshazoea, ila kukojolea ukuta wa mtu na familia yake iko ndani wanakula sio poa hata kidogo. Kuna mama hapa jirani siku za mechi anafungua choo chake kwa malipo, kasafi, maji yapo, lipia pale tumalizane. Na usipaki kwenye geti la mtu, kuna siku jirani alikuwa na mgonjwa tukainua kigari cha watu kwa mikono tukakiweka pembeni kama meza.

Anayepitia kwangu kunawa uso kabla ya safari anakaribishwa. Jezi ya wale wengine aivulie nje.