Ijue choki kabla ya kubadilisha tyubu

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme hapa Mtwara, mwanzoni mtaitwa sana kwenye taa za tyubu: madarasani, zahanati, maghala ya korosho. Taa za LED zimeingia kwa kasi, lakini choki, yaani zile koili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, bado zimejaa darini, na fundi asiyezielewa hupiga ramli kwa pesa ya mteja.

Ndani ya tyubu kuna gesi ya agoni na mvuke kidogo wa zebaki. Gesi hiyo ikishaanza kupitisha umeme, kadiri mkondo unavyopanda ndivyo ukinzani unavyoshuka. Ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 230, mkondo utapanda mpaka tyubu iharibike. Choki ndiyo breki yake. Kwa tyubu ya futi nne ya wati 36, huushikilia mkondo kwenye ampia 0.43 hivi.

Choki hiyohiyo ndiyo inayowasha taa. Ukibonyeza swichi, stata, kile kikopo kidogo cha kuchomeka kwenye fremu, hujifunga, mkondo ukapita kwenye filamenti za ncha zote mbili na kuzipasha moto. Stata ikiachia, mkondo hukatika ghafla, na choki hurusha volti mia kadhaa, gesi inashika. Kuanzia hapo stata haina kazi tena. Ichomoeni stata wakati taa inawaka, kwa mkono mkavu, muone: taa haizimiki. Mimi jaribio hilo lilinifundisha kuliko mchoro wowote.

Ncha zikiwaka na katikati pakabaki giza, shukuni stata iliyoganda. Ncha zikiwa nyeusi na taa inapepesa, tyubu imechoka. Lakini tyubu mpya ikiungua papo hapo, tafadhali msiweke nyingine! Zimeni mein swichi, mpime choki kwa multimita. Nzima husoma omu makumi kadhaa. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua ndani; isiposoma kitu, waya umekatika.

Shangani na Mikindani, karibu na bahari, anzeni na holda na miguu ya stata, maana chumvi huvila vyuma hivyo mapema.

Na mkiweka tyubu ya LED kwenye fremu ya zamani, someni mchoro wake kwanza: nyingine hutaka choki iondolewe, nyingine huja na kipande chake cha kuchomeka mahali pa stata.