Kwa anayetaka kupaka ndimu usoni: iweke chini kwanza

Iweke hiyo ndimu chini, halafu tuongee.

Dada, umeuliza mengi: faida na hasara za vipodozi vya asili, kama vinastahili bei yake, mafuta ya nazi au siagi ya shea kwa ngozi kavu, na kipi kinamfaa mtoto. Halafu katikati ukachomekea, kana kwamba si kitu, kuwa kesho unaanza kupaka maji ya ndimu na asali asubuhi na jioni ili madoa ya chunusi yafifie kabla ya harusi. Mimi nimesoma hadi hapo nikakwama. Hayo mengine wadau watakusaidia.

Mimi nilipaka. Mchanganyiko huohuo, kwa sababu hizohizo. Na kabla hamjaanza kunicheka, nilifanya majaribio kwanza, tena kwa adabu zote: tone dogo ndani ya mkono, usiku, nikalala. Asubuhi mkono uko shwari. Nikajiona daktari. Nikapaka uso mzima na shingo, nikasuuza kwa maji ya harakaharaka, nikatoka zangu juani.

Siku hiyo sikuona kitu, na ndiyo maana watu wengi hawajui kilichowapata. Ndimu haikuunguzi papo hapo. Ina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikiwa kwenye ngozi gizani zinakaa kimya. Zikipigwa na jua, hasa ile miale ya UVA (sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho), zinaamka na kushambulia seli za ngozi. Wekundu na muwasho huanza baada ya saa 24 hivi, halafu hali inazidi kuwa mbaya kati ya saa 48 na 72. Kwa hiyo jaribio langu la mkononi lilikuwa bure kabisa: mkono ulikuwa ndani ya shuka, jua ungelipata wapi?

Yakaja malengelenge. Yalipokauka yakaacha weusi, na weusi wenyewe haukukaa kwa mpangilio, maana maji ya ndimu yalikuwa yamechuruzika. Shingo ikawa na michirizi kama pundamilia, na shavuni kulikuwa na alama za vidole vyangu mwenyewe, ushahidi kamili, hata polisi wasingehitaji kuuliza. Nilikwenda kuondoa madoa matatu ya chunusi, nikarudi na ramani. Weusi wa namna hiyo huchukua wiki, mara nyingi miezi, na kwenye ngozi zetu nyeusi hukawia zaidi. Sasa piga hesabu na tarehe ya hiyo harusi.

Halafu huyo aliyenifundisha! Simtaji, ila ana video nyingi, sauti tamu, na kila sentensi inaishia na "ni asili, haina madhara." Nilipomwandikia na picha za malengelenge akanijibu nivumilie, "uchafu unatoka." Uchafu gani unaotoka kwa umbo la vidole? Nikamwandikia tena, akanifungia. Kesho yake ana video mpya, ndimu na magadi soda! Tindikali ukichanganya na magadi vinatoa povu, basi watu wakiona povu wanasema inafanya kazi. Jamani.

Atakwambia pia kwamba ndimu ina vitamini C, na vitamini C inang'arisha. Ni kweli ipo. Lakini ile ya kwenye seramu, yaani vile vimiminika vya dukani vya kupaka usoni, imepimwa kiasi na kutengenezwa ili itulie kwenye ngozi. Kwenye ndimu umekamua tu, hujui umepaka kiasi gani, na umeipaka pamoja na tindikali na hizo furanokumarini. Ngozi ina pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inapanda) ya karibu 5, maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu. Kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo usiseme "tofauti ni mbili tu."

Najua utetezi wako, maana niliutumia. "Nitakaa ndani." UVA inapita kwenye kioo cha dirisha. "Kuna mawingu." Inapita pia. "Ngozi yangu haina aleji." Hii si aleji, inampata yeyote, wahudumu wa baa wanaokamua ndimu nje juani wanaijua. "Nitapunguza kwa asali." Asali haiondoi furanokumarini, inazigandisha vizuri tu usoni.

Sisemi vitu vya asili vyote ni takataka, msije kunirushia mawe. Oti zilizosagwa laini zinatuliza ngozi inayowasha, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliziingiza mwaka 2003 kwenye orodha ya vilinda ngozi. Lakini FDA hiyohiyo haina tafsiri ya kisheria ya neno "asili" kwenye vipodozi, yaani mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye kopo. Shea nayo haina ugomvi na watu wengi. Mafuta ya nazi kwa mwenye chunusi... hapana, nisitoke kwenye mada. Sheria yangu ni moja na siibadilishi: ndimu, limau na jamaa zake wote havipakwi kwenye ngozi. Si usiku, si kwa asali, si kidogo.

Na kama haraka imekushinda umeshapaka, osha sasa hivi kwa sabuni na maji mengi, kusuuza peke yake hakutoshi, na mikono pia. Jifunike na ukae mbali na jua siku mbili tatu, dirishani kukiwemo. Malengelenge yakitoka usiyapasue, na usiyapake dawa ya meno (ndiyo, lilikuwa pendekezo la pili la yule wa video). Nenda kwa daktari wa ngozi umwambie wazi kuwa ni ndimu, usione aibu kama mimi niliyesema "sijui imetokana na nini" nikapewa dawa ya fangasi.